Mstafeli Ndio Unaolipa

Shangazi alikuwa na ndala mkono mmoja, mkono wa pili amevuta tawi la mstafeli. "Njoo umwone huyu kabla sijammaliza." Nikatoka uani na kikombe changu cha chai.

Chini ya jani alikuwa ameng'ang'ania kiwavi mnene kuliko kidole gumba changu. Rangi yake ilikuwa kijani kilekile cha jani, mbavuni ana mistari iliyolala mshazari, na mwisho wa mwili ana pembe moja. Alikuwa ameinua kifua na kuficha kichwa, ametulia tuli, anangoja tuondoke. Jani la pembeni lilikuwa limebaki mshipa wa katikati tu. Na chini, kwenye mchanga aliofagia shangazi alfajiri, vinyesi vyake vilikuwa vimezagaa: vyeusi, vigumu, vina mifereji ubavuni utadhani vimechongwa.

"Ana pembe matakoni, na wewe unamchekea."

Nikamwambia pembe ile haichomi, na kiwavi wa aina hii hana hata unyoya wa kuwasha. Nikaongeza, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma kidogo, kwamba akikua atakuwa nondo mkubwa mwenye kazi ya kuchavusha maua usiku.

"Maua ya nani?"

"Ya mimea mingine, shangazi."

"Na mstafeli wangu unapata nini?"

Nikanywa chai.

Ndala ikashuka, kuku wakamaliza kilichobaki. Nilikuwa nimewahi kupiga picha mbili kwa simu. Picha hizo nimezitazama mara nyingi tangu siku ile, lakini lililonikosesha raha wiki zote hizi si kiwavi mwenyewe. Ni lile swali.

Hadithi inayopendwa

Nilianza kwa kutafuta jina. Nondo gani wa pande zetu ambaye viwavi wake wana pembe mkiani na wanakula majani ya jamii ya mstafeli? Jina la kisayansi lililojitokeza lilikuwa Xanthopan morganii. Nikashtuka, maana jina hilo nalijua kwa hadithi nyingine kabisa, hadithi ambayo haina mstafeli hata mmoja.

Ni hii. Januari 1862, mpenzi mmoja wa okidi aitwaye James Bateman alimpelekea Charles Darwin maua ya okidi za Madagaska. Mojawapo ilikuwa Angraecum sesquipedale, ua jeupe lenye umbo la nyota. Nyuma yake linaning'inia mrija mwembamba ambao Darwin aliupima akakuta inchi 11 na nusu, karibu sentimita 29. Nekta, yaani maji matamu ya ua, imekaa kule chini kabisa, kwenye inchi moja na nusu ya mwisho. Darwin akaandika kwamba lazima Madagaska yuko nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Wapo waliomcheka. Mwaka 1867 mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, akamuunga mkono, akisema wanaokwenda kisiwani wamtafute nondo huyo kwa imani ileile ambayo wanafalaki waliitafutia sayari ya Neptune. Mwaka 1903 wataalamu wa wadudu Walter Rothschild na Karl Jordan wakamtangaza, wakampa jina praedicta, yaani aliyetabiriwa. Darwin alikuwa kaburini tangu 1882. Mwaka 2021 wataalamu wakampandisha kuwa spishi inayojitegemea, na ulimi wa dume mmoja ukapimwa sentimita 28.5.

Tamu, sivyo? Mimi mwenyewe nimeisimulia barazani zaidi ya mara moja, na kila mara watu huuliza ulimi huo anauweka wapi. (Anaukunja mviringo chini ya kichwa, anauviringua anapotaka kunywa.)

Ila kuna kipande kinachorukwa.

Sanduku la London

Nondo yule hakuanzia Madagaska katika maandishi. Ndugu yake wa bara, huyu Xanthopan morganii, alielezwa na mtaalamu wa wadudu Francis Walker mwaka 1856 kutokana na nondo aliyetoka Sierra Leone. Hiyo ni miaka sita kabla Darwin hajapokea ua lake. Wakati watu wanamcheka Darwin, nondo wa Afrika mwenye ulimi wa ajabu alikuwa tayari amebanwa kwa pini ndani ya sanduku mjini London.

Na Wallace alilijua sanduku hilo. Katika makala yake ya 1867 anasema alimpima nondo wa Amerika Kusini aliyekuwa British Museum, akakuta ulimi wa inchi 9 na robo, na wa Afrika inchi 7 na nusu, kama sentimita 19. Hoja yake ilisimama hapo: akiwepo mwingine aliyezidi inchi mbili tatu, mambo yamekwisha. Kwa hiyo utabiri wa Wallace haukutoka hewani. Ulikuwa na ngazi, na kidato kimoja cha ngazi hiyo kilikuwa nondo wa bara letu.

Kwa siku kadhaa nilitembea na kinyongo hiki. Nikaanza hata kuandika makala nyingine, yenye hasira, kuhusu namna bara linavyofutwa kwenye hadithi zinazolihusu.

Makala hiyo nimeiacha. Hasira ilikuwa ya haki lakini haikunisaidia na swali la shangazi. Hata kama wangemtaja nondo wetu kila mara, wangemtaja kwa ulimi wake. Na ulimi ni habari ya mdudu aliyekwisha kuwa mkubwa, mwenye maisha mafupi ya usiku, anayekunywa maji ya sukari ili apate nguvu ya kuruka. Mabawa yale yanayozidi sentimita 10 yakitandazwa, misuli ya kifua, huo ulimi wenyewe wa kusifiwa, vyote vimejengwa kwa majani aliyokula alipokuwa kiwavi. Nekta ni mafuta ya safari tu. Chombo kimeundwa kwa jani.

Ulimi umeandikiwa vitabu. Jani nani kaliandikia?

Mti uliokuja

Xanthopan morganii anapatikana sehemu kubwa ya Afrika ya joto, kuanzia Sierra Leone upande wa magharibi hadi huku kwetu mashariki, na kusini mpaka Zimbabwe na Afrika Kusini. Ukiliangalia eneo hilo kwenye ramani unaona kubwa mno. Kwa mdudu ni tofauti: eneo lake ni mahali penye jani la mtoto wake. Na mtoto wake anachagua. Anakula familia moja ya mimea, Annonaceae: mistafeli, mitopetope na ndugu zao wa jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Annona, Uvaria zinazotambaa vichakani, na miti ya Xylopia na Hexalobus ya misituni.

Hapa nilipata shaka ya kwanza ya maana. Mstafeli si mti wa kwetu kwa asili, umetoka Amerika ya joto. Umezoeleka uani kwetu mpaka tunadhani ulikuja na Adamu, lakini ulivuka bahari. Nondo alikuwa anakula nini kabla yake?

Jibu liko nje ya mji. Mtopetope mwitu, Annona senegalensis, upo Afrika tangu zamani. Ni kijiti cha porini chenye matunda madogo ya manjano ambayo watoto wanaochunga mbuzi huyajua kuliko profesa yeyote. Ongeza zile Uvaria za vichaka vya pwani. Hayo ndiyo yalikuwa mezani, na mstafeli ulipofika nondo alimtambua mgeni kuwa ni wa ukoo uleule.

Na huko Amerika mstafeli ulikotoka, yuko nondo mwingine mkubwa mwenye ulimi mrefu, Cocytius antaeus, ambaye viwavi wake hula majani ya jenasi hiihii ya Annona. Nilisoma hilo nikacheka peke yangu. Mti umeacha mlaji mmoja nyumbani, umevuka bahari, umefika Tanga ukakuta mwenzake anausubiri.

Shangazi nilipomwambia alisema, "Basi una bahati mbaya, maskini," akaupapasa gome.

Mama wa Amani

Shaka ya pili ilikuwa picha zangu. Picha mbili za simu, moja imetikisika, na ushahidi kaumeza kuku. Nani kasema huyo hakuwa kiwavi mwingine?

Nilikuwa na safari ya Muheza, nikaipandisha hadi Amani kwa mama mmoja ambaye zamani alikuwa mfugaji wa vipepeo. Wasomaji wa Tanga mnaijua habari hiyo: wanakijiji wa Usambara Mashariki walikuwa wanafuga vipepeo kwenye vibanda vya neti na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuota mabawa) kwa nyumba za maonyesho ng'ambo, mpaka mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Banda lake sasa lina kuku.

Nilimwonyesha picha. Hakuitazama sana. Akauliza, "Mti gani?"

"Mstafeli."

"Kuna wawili wa mchana wanakula huo, wale wa mabaka ya kijani na weupe. Watoto wao ukiwagusa wanatoa kidude chenye harufu nyuma ya kichwa. Huyu alitoa?"

Hakutoa.

"Na pembe iko wapi?"

"Mwisho, huku nyuma."

"Basi si kipepeo. Huyo wa usiku." Akanirudishia simu. "Nyie mkimwona mdudu mnaanza na rangi ya mabawa. Sisi tulikuwa tunaanza na shamba. Kama hujapanda chakula cha mtoto, mama haji, hata umwimbie."

Anaowasema nawajua kwa jina la jenasi, Graphium, na ni kweli wengi wao hutaga kwenye mimea ya familia hii. Mti mmoja, wateja wa mchana na wa usiku. Lakini lililonigeuza ni namna alivyoanza: "Mti gani?" Miaka yote nimekuwa nikisoma kuhusu wadudu, na bado swali hilo kwangu lilikuwa la mwisho.

Amani palepale, kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902, kumetoka jina la okidi nyeupe iitwayo Rangaeris amaniensis. Ina mrija mrefu nyuma ya ua, si wa kufikia ule wa Madagaska, lakini mrefu. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson walipofuatilia okidi za aina hii nchini Kenya, na kuchapisha mwaka 2007, walikuta zinahudumiwa na nondo wenye ndimi ndefu, akiwemo Agrius convolvuli. Huyo naye ana jani lake. Viwavi wake hula jamii ya viazi vitamu, na kila anayechuma matembele amewahi kukutana nao, pembe na yote.

Okidi inakaa juu ya mti msituni, inasubiri mgeni aliyelelewa kwenye tuta la matembele la mtu.

Bomba la dawa

Nilirudi nikakuta shangazi ameita kijana wa kupuliza dawa. Bomba lilikuwa limeegemezwa ukutani, na dawa yenyewe iko ndani ya chupa iliyobanduliwa lebo.

Sitaki kumfanya shangazi mjinga, maana si mjinga. Mstafeli ule unamlipia mambo mengi. Ramadhani juisi yake inaisha kabla ya adhana, na majani nayo yana wateja, watu wanachemsha kwa maradhi haya na yale. (Sitaingia kwenye ubishi wa nini yanaponya na nini hayaponyi.) Ukimwambia aache wadudu wale kwa ajili ya okidi ambayo hajawahi kuiona, unamwomba atoe sadaka kwa mtu asiyemjua. Na kwa ulimi wangu nilikuwa nimeshakiri: mti haupati kitu. Nondo huyu hauchavushi mstafeli.

Lakini swali lake lilinifanya niangalie nani anauchavusha. Ua la mstafeli ni nene, petali zake ngumu, na linafunguka nusunusu. Wanaoingia humo ni mbawakawa wadogo. Wakiingia wa kutosha, stafeli linajaa pande zote. Wakiwa wachache, mbegu zinashika upande mmoja tu, na tunda linakua limepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa.

"Kama lile," nikamwonyesha. Lilikuwa linaning'inia juu ya banda la kuku, limejikunja.

Akalitazama. Akamtazama kijana. "Dawa yako inaua na hao wadogo?"

Kijana alikuwa mkweli, Mungu ambariki. "Mama, hii haichagui."

Ndio ulikuwa mwisho wa mkutano. Hakuacha dawa kwa sababu ya Darwin, wala kwa sababu ya nondo wangu. Aliacha kwa ajili ya tunda lake, na nadhani hiyo ni sababu bora kuliko zote nilizokuwa nimejiandaa kuzitoa. Kuhusu kiwavi akaweka sharti: akitokea mwingine ataishi, ila mavi yake nafagia mimi, kabla ya jua kupanda.

Magharibi, Pongwe

Bado swali lilikuwa pale. Kama mstafeli haupati, anayepata ni nani, ukiacha okidi za milimani?

Mzee mmoja jirani yetu ana shamba la mipapai kule Pongwe. Nilimwomba nikae shambani kwake jioni, akaniona nimepungukiwa lakini akaniruhusu. Siku hiyohiyo alikuwa ameangusha mipapai dume karibu yote. "Dume halizai, mwanangu. Linakula mbolea bure." Mti mmoja ulinusurika kwa kuwa ulikuwa mpakani, na hajui wake au wa jirani.

Kama hujawahi kulitazama ua la papai dume, litazame: yananing'inia kwa vishada virefu, meupe yenye umanjano, na yanatoa harufu tamu giza linapoingia. Adhana ya magharibi ilipokwisha nilisikia mvumo kabla sijaona kitu. Nondo alikuwa amesimama hewani mbele ya kishada, hakutua, mabawa yamekuwa kivuli tu. Ulimi ukanyooka, ukaingia ndani ya ua moja, ukatoka, ukaingia la pili. Alikwenda kwa pupa ya mtu mwenye madeni. Kisha akavuka hadi mpapai jike, akachungulia ua moja kwa sekunde, akaondoka.

Ule upesi una maana. Ua jike la papai halina nekta. Nondo anakuja kwa kudhani ni dume, anapenyeza ulimi, hakuti kitu, anaondoka. Katika sekunde hiyo chavua imeshaachwa. Martins na Johnson, walewale wa okidi, waliandika mwaka 2009 kwamba mipapai ya Kenya inachavushwa hasa na nondo wa familia hii, ile ya viwavi wenye pembe. Papai tunalokula asubuhi kwa ndimu limetokana na mdudu aliyedanganywa usiku.

Niliyemwona hakuwa Xanthopan. Alikuwa mdogo zaidi, na ua la papai lenyewe ni fupi, halihitaji ulimi wa sentimita 19. Lakini hesabu ni ileile. Dume la mpapai linatoa nekta na chavua, halizai. Tuta la matembele linatoa majani, halichavushwi. Mstafeli unalisha mtoto mzima mpaka anaingia ardhini kuwa pupa, na akitoka na mabawa haurudishii hata salamu. Kila anayelipa halipwi na yule anayemlipia. Papai la mzee linalipiwa uani kwa watu asiowajua, na mimi nilikuwa nimekaa wiki nzima natafuta njia ya kumwambia shangazi kwamba mti wake unafaidika. Haufaidiki.

Nikamwambia mzee habari ya madume. Akauliza abakize mangapi. Wakulima wengi huacha dume moja kwa majike kumi hadi ishirini, naye akasema basi lile la mpakani sasa ni lake.

Shangazi nilimjibu siku iliyofuata, nikiwa na ufagio mkononi. "Mstafeli wako haupati kitu, shangazi. Anayepata kwa nondo wa jamii hii ni mzee wa mipapai."

"Anajua?"

"Sasa anajua."

"Basi alete papai," akasema, na hakuwa anatania, maana jioni alimtuma mtoto.

Kwa walio na mti

Mvua zimeanza, majani mapya yametoka. Kama uko Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe, au popote pwani, na una mstafeli, mtopetope, au unaujua ule wa mwitu njia ya shambani, pinda kiuno uangalie upande wa chini wa majani. Ukiona vinyesi vyenye mifereji vimezagaa chini ya mti, yuko juu yako. Angalia kama pembe iko mkiani, mguse taratibu nyuma ya kichwa uone kama atatoa kile kidude chenye harufu, kisha mpige picha unitumie. Niambie na mahali. Na tafadhali, picha iwe na jani.